Shajara ya Mradi: Kitabu cha Kumbukumbu ya Mama

Wiki ya 1

Miezi saba baada ya kumzika mama, tumefungua sanduku lake la kwanza. Tulikuwa watatu: kaka yangu mkubwa, mdogo wangu wa kike na mimi. Tulikuwa tumekubaliana mapema kwamba kazi hii itazaa vitu viwili. Cha kwanza ni kitabu cha kumbukumbu kitakachochapishwa nakala chache kwa ajili ya watoto, wajukuu na wenzake wa kwaya. Cha pili ni hifadhi ya vitu vyake vyenyewe, iliyopangwa vizuri kiasi kwamba atakayeuliza habari zake miaka 50 ijayo asilazimike kutegemea maneno yetu peke yake. Mimi nimepewa jukumu la kuandika, na shajara hii itaeleza kila hatua ilivyokwenda, pamoja na zile tulizokosea.

Mpango niliouandika jana usiku una sura tatu: Imani, Familia na Kazi za Mikono. Ndivyo watu walivyomweleza siku ya mazishi, kwamba alikuwa mcha Mungu, mlezi na fundi, na nilidhani kitabu kitafuata njia hiyo hiyo bila taabu.

Kosa la kwanza tulilifanya ndani ya nusu saa. Tulianza kutenganisha vitu kwa aina, barua upande huu, picha upande ule, vitambaa juu ya kiti, mpaka mdogo wangu alipotoa picha ndogo ndani ya barua iliyokunjwa mara nne na kuuliza inakwenda kwenye rundo lipi. Hapo tulisimama. Watunza nyaraka wana kanuni ya kuheshimu mpangilio wa awali, yaani vitu viachwe kama mwenyewe alivyoviweka, kwa kuwa ukaribu wa kitu na kitu ni habari kamili. Picha iliyokuwa ndani ya barua ile ni jibu la swali lililoulizwa katika barua. Ukizitenganisha, unabaki na picha isiyo na maelezo na barua isiyo na mwisho. Tulirudisha tulichokumbuka, na kuanzia hapo kila bahasha ilipigwa picha kabla haijaguswa, ikapewa namba kwa penseli, na namba hiyo ikaingizwa katika orodha. Kufikia jioni tulikuwa tumeorodhesha vitu 214 kutoka katika sanduku moja, na yamebaki mawili.

Vibanio vya chuma na pini tumeviondoa vyote. Vingi vilikuwa vimeshika kutu, na kutu haikai juu ya karatasi tu, bali huila taratibu mpaka itoboke.

Wiki ya 3

Wiki mbili zimepita nikiwa na Biblia yake peke yake, na sijutii hata siku moja.

Mama hakuwa mtu wa kupiga mistari chini ya maneno. Aliandika pambizoni, kwa herufi ndogo sana, tarehe na neno moja au mawili: "Homa." "Ameanza kutembea." "Kodi imepatikana." Mara ya kwanza nilizisoma tarehe hizi kama alama za usomaji wake, nikafikiri zinaonyesha siku aliyofika katika sura fulani. Baadaye nilizinakili zote katika jedwali, 386 kwa jumla, nikazipanga kwa mfuatano wa siku badala ya mfuatano wa kurasa, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilichokuwa nacho ni shajara ya miaka 41 iliyotawanywa ndani ya kitabu kingine. Alikuwa akichagua mahali pa kuiandika kila siku kufuatana na jambo lililompata siku hiyo.

Zaburi ya 121 ndiyo iliyojaa kuliko zote. Aya yake ya mwisho inazungumzia kulindwa utokapo na uingiapo, na pembeni yake kuna jumla ya tarehe 11. Nilizilinganisha na barua, nikakuta kila moja ni siku ambayo mmoja wetu aliondoka nyumbani kwenda mbali. Yangu ipo, na mbele yake, kwa wino wa rangi nyingine, ameandika siku niliyorudi. Ya kaka ina tarehe ya kuondoka, kisha nafasi iliyoachwa wazi, kisha tarehe ya kurudi miaka mitatu baadaye, kwa mwandiko uliokwisha badilika kidogo. Aliiacha nafasi ile akijua kwamba ataijaza. Nilimwonyesha kaka ukurasa huo; aliutazama kwa muda mrefu, kisha akaniomba nimwachie chumba.

Sasa niliandike tatizo hapa ili nisilisahau: jedwali hili ni la sura gani? Kitabu ni cha imani, maneno ni ya familia. Nimeliweka kwa muda katika sura ya Imani, lakini moyo wangu haujatulia.

Kwa upande wa uhifadhi, Biblia ilikuwa na vipande sita vya gazeti katikati ya kurasa. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa massa ya mbao, yaani rojo la mbao, ambayo hayajasafishwa sana, na kadiri inavyozeeka hutoa asidi inayohamia kwenye karatasi jirani. Ndiyo maana kurasa zilizokuwa karibu na vipande hivyo zina kivuli cha kahawia chenye umbo lile lile la kipande. Tumevitoa, tumeandika kila kimoja kilikuwa ukurasa gani, na mahali pake tumeweka karatasi nyembamba isiyo na asidi yenye namba. Kivuli hakitaondoka, lakini hakitaendelea.

Wiki ya 4

Picha zimekwenda haraka. Zipo 340, na tumezitambaza kwa skana kwa nukta 600 kwa inchi, tukahifadhi faili katika muundo wa TIFF, ambao haupunguzi ubora kila faili linapohifadhiwa upya. Picha za rangi tumezitanguliza, kwa kuwa rangi zake hufifia hata zikikaa gizani, ilhali zile za zamani za nyeusi na nyeupe, ambazo taswira yake ni ya fedha, zimebaki imara zaidi. Majina tumeyaandika nyuma kwa penseli laini, pembeni, kamwe si kwa kalamu ya wino.

Katika picha 340 mama anaonekana katika 52 tu. Nilishangaa, kisha nikakumbuka kwamba kamera ilikuwa yake. Picha alizopiga yeye nimeziongeza katika orodha ya kazi zake, kwa sababu jicho lililochagua ni lake, na nadhani wengi wanaowakumbuka mama zao husahau jambo hili.

Wiki ya 6 na ya 7

Hizi zimekuwa wiki za kaseti, na nitaziandika kwa urefu.

Mama aliimba katika kwaya tangu ujana wake, na kwa miaka mingi aliitungia nyimbo. Hakuwahi kufundishwa kusoma nota za mistari mitano. Alitumia nota za solfa, zile za d, r, m, f, s, l na t, ambazo chimbuko lake ni kazi ya mwanamke mwalimu wa Uingereza, Sarah Glover, aliyeishi kati ya 1786 na 1867, kabla ya mchungaji John Curwen kuziendeleza na kuzieneza. Uzuri wake ni kwamba hazihitaji karatasi maalumu wala ala ya muziki. Nukta pacha hutenga mapigo, nukta moja hugawa pigo katikati, kistari huendeleza sauti, na alama ndogo juu au chini ya herufi huonyesha kama sauti imepanda au imeshuka kwa oktava. Kwa herufi hizo mama aliweza kuandika sauti nne, moja chini ya nyingine, katika daftari la kawaida. Daftari lake lina nyimbo 27, na juu ya kila moja ameandika ufunguo: "Do ni G", "Do ni F", na kadhalika.

Kaseti zipo tisa. Kabla ya kuzisikiliza, kila moja tuliizungusha mbele hadi mwisho na kuirudisha mwanzo bila kuicheza, ili utepe uliolala miaka mingi ujikaze sawasawa. Moja ilikuwa imepoteza kile kipande kidogo cha sponji kinachoubana utepe kwenye kichwa cha kusomea, kwa hiyo sauti ilisikika kama mtu aliye nyuma ya ukuta. Tulifungua ganda, tukahamishia utepe katika ganda zima lenye skurubu, na sauti ikarudi. Kazi hiyo ilinitetemesha mikono. Utepe wa kaseti una upana wa milimita nne hivi, na juu ya hizo alikuwa mama yangu.

Kaseti ya nne ndiyo iliyotuumiza kichwa. Ni mazoezi ya kwaya, na ndani yake mama anaimba peke yake beti mbili za wimbo wa 14 wa daftari. Tulikusanyika kusikiliza. Mdogo wangu, ambaye alikuwa mtoto mdogo wakati ule, alilia. Kaka na mimi tulitazamana, kwa kuwa sauti haikuwa yake. Ilikuwa nyembamba, ya haraka, ya msichana. Kaka alisema labda ndivyo alivyokuwa, nasi tumesahau. Kwa siku nne nilijaribu kukubali kwamba nimesahau sauti ya mama yangu, na sitaki kuandika zaidi kuhusu siku hizo.

Siku ya tano nililirudia daftari. Wimbo wa 14 umeandikwa "Do ni G". Katika kaseti kuna kinanda cha umeme kinachosindikiza, na kinanda cha namna hiyo hakipandi wala hakishuki chenyewe: G yake ya katikati ni mitetemo 392 kwa sekunde. Niliipima kwa programu ya kompyuta nikapata mitetemo 415, yaani nusu toni nzima juu. Basi aliyebadilika hakuwa mama wala kinanda. Kinasa sauti kilikuwa kikitumia betri zilizochoka, mota yake ikazunguka polepole wakati wa kurekodi, na utepe huo unapochezwa leo kwa mwendo wake sahihi wa sentimita 4.76 kwa sekunde, kila kitu kinapanda na kwenda mbio. Wimbo wa kwanza katika upande ule umepanda kidogo tu, wa pili zaidi, wa tatu ndio huu. Betri zilikuwa zikiisha huku wakiimba.

Tulipunguza mwendo mpaka G ikarudi kwenye 392. Wimbo uliokuwa wa dakika 4 ukawa wa dakika 4 na sekunde 14, na katika sekunde hizo 14 mama alirudi: sauti nzito kidogo, yenye kupumua kabla ya neno la mwisho la kila mstari, ile ile iliyokuwa ikituamsha asubuhi. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema kitu. Ni yeye aliyetuonyesha njia, kwa herufi moja aliyoiandika juu ya ukurasa.

Faili la awali tumelihifadhi kama lilivyo, bila kusahihishwa, kwa sampuli 96,000 kwa sekunde na biti 24, na toleo lililosahihishwa liko kando yake pamoja na maelezo ya tulichokifanya na kwa nini. Asiyekubaliana nasi siku za mbele ataweza kuanza upya.

Wiki ya 9

Sanduku la tatu lilikuwa na mfarishi wa viraka ambao sote tuliujua kwa sura. Ni mrefu na mwembamba, viraka viwili kwa upana na kumi na kimoja kwa urefu, na kila kiraka kimedariziwa kwa mkono. Kwa kuwa haumtoshi mtu kujifunika, tulizoea kudhani ni kitambaa cha meza ndefu ambayo hatukuwahi kuwa nayo. Nyuma yake, kwenye bitana, kila kiraka kina namba ndogo ya uzi wa kijivu. Namba zinaanza na 10. Tangu utotoni tuliambizana kwamba viraka tisa vya mwanzo vilipotea.

Nilikuwa nikiandika maelezo hayo hayo katika orodha, "viraka 1 hadi 9 havipo", mdogo wangu aliponishika mkono.

"Dada, usiandike hivyo," alisema. "Hizi si namba za viraka. Hizi ni aya."

Alikuwa amefungua Mithali 31. Sehemu ya mke mwema inaanza aya ya 10 na kuishia ya 31. Ni aya 22, na katika Kiebrania kila aya inaanza na herufi yake ya alfabeti, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, kwa mpangilio. Pambizoni mama ameandika kwa penseli, "herufi 22", na chini yake, "viraka 22".

Tulipitia kiraka kimoja kimoja huku mmoja akisoma. Kiraka cha 13, ambako aya inataja sufu na kitani, kimeshonwa kwa vitambaa viwili, kimoja cha sufu na kimoja cha kitani. Kiraka cha 14 kina jahazi la mfanyabiashara, na tanga lake ni la shati la baba. Nililitambua kwa kifungo ambacho hakukitoa. Cha 18, kile cha taa isiyozimika usiku, kina dirisha dogo la njano katika kitambaa cheusi, na dirisha hilo ni la chumba alichokuwa akishonea, lenye kioo kimoja kilichopasuka kwa mshazari, kwa kuwa ameupitisha mstari wa uzi mahali pale pale. Cha 21, kinachozungumzia nyumba yote kuvikwa nyekundu, kina maumbo madogo ya watu sita waliovaa nyekundu, ilhali sisi katika nyumba ile tulikuwa watano. Nilihesabu mara tatu.

Kiraka cha 31 hakijamalizika. Mchoro wa penseli upo, mishono imefika chini kidogo ya nusu, na sindano yenye uzi ingali imechomekwa.

Kwa leo tumeondoa vumbi tu, kwa mashine ya kuvuta yenye nguvu ndogo kupitia wavu, bila kuugusa mfarishi. Kaka alipendekeza uoshwe kabla ya kupigwa picha. Tulijaribu kwanza kwa tone moja la maji yaliyotoneshwa kwenye pindo la kiraka cha 21, tukabana kwa pamba nyeupe, na pamba ikatoka na wekundu. Hautaoshwa. Doa la miaka mingi linaweza kuvumiliwa, lakini rangi ikishaingia katika vitambaa vya jirani hairudi ilikotoka.

Wiki ya 11

Nilikwenda kumhoji mama mdogo, ambaye ndiye ndugu wa mama aliyebaki. Nilimsalimia, nikampa muda wa kupumzika, kisha nikaweka kinasa sauti mezani baada ya kumwomba ruhusa. Nimejifunza kutouliza maswali ya ndiyo na hapana, na zaidi ya hayo nimejifunza kunyamaza baada ya jibu, kwa sababu mara nyingi jibu lenyewe huja baada ya lile la kwanza. Niliufungua mfarishi mbele yake bila kusema neno.

Aliweka kidole juu ya kiraka cha 10, ambacho ni cheupe, chenye ua moja jeupe lililodariziwa juu ya weupe wake.

"Hiki ni kile kitambaa alichomnunulia mtoto," alisema.

Mtoto huyo ni ndugu yetu aliyezaliwa kati ya kaka na mimi, akaishi siku chache. Tulijua kwamba alikuwapo. Hatukujua zaidi ya hapo. Mama mdogo alieleza kwamba baada ya msiba huo mama aliendelea kwenda ibadani kila juma, akakaa mahali pake katika kwaya, asifungue kinywa. Hakuimba kwa zaidi ya mwaka. Nyumbani usiku alikuwa akishona, na alichokuwa akishona ni hiki.

Niliporudi nililitazama upya jedwali la tarehe za Biblia. Lina pengo la miezi 14 ambalo nililiona wiki ya tatu na kulipita, nikidhani kurasa fulani zimetoka. Kurasa zote zipo. Pengo hilo ni lake.

Kaka hakutaka jambo hili liingie kitabuni. Alisema watu watasoma kwamba imani yake ilitikisika, na wajukuu waliozoea kumwona kama nguzo watavunjika moyo. Simdharau kwa hoja hiyo. Alikuwa akimlinda mama, kama alivyozoea kufanya tangu baba alipofariki. Nilimjibu kwamba mwanamke aliyekaa mahali pake miezi 14 bila sauti, akashona usiku aya moja baada ya nyingine mpaka sauti ikarudi, si mtu wa kufichwa. Hatukuafikiana. Tulimpigia simu mama mdogo, tukamweka asikilize pande zote mbili, naye akatujibu hivi:

"Wanangu, mama yenu hakuona haya kunyamaza mbele za Mungu. Ninyi mnaona haya ya nini?"

Kaka alisema, "Nimekusikia, mama mdogo." Pengo litachapishwa kama lilivyo: kurasa mbili zinazotazamana, tarehe ya mwisho kabla ya kimya upande mmoja, tarehe ya kwanza baada yake upande wa pili, na kati yake nafasi tupu. Tarehe hiyo ya kwanza baada ya kimya iko kando ya Zaburi ya 40, na neno lililoandikwa ni "Nimeimba."

Na kuhusu maumbo sita ya kiraka cha 21, sasa hesabu imetimia.

Wiki ya 12

Wiki hii nimeshughulikia ruhusa. Barua alizoandikiwa mama na rafiki zake ni mali yetu kama karatasi, lakini maneno yaliyomo ni ya walioyaandika au warithi wao. Chini ya Mkataba wa Berne wa 1886, ambao nchi nyingi zimejiunga nao, ulinzi huo hudumu angalau miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi. Nimeziandikia familia nne, nikiambatanisha nakala ya kila barua na kuonyesha sehemu tunayokusudia kuichapa. Tatu zimekubali. Ya nne imekataa, na barua hiyo imeondolewa ingawa ilikuwa nzuri kuliko zote.

Wiki ya 14

Sura tatu zimekufa rasmi, nami nimeandika mpango mpya.

Nilijaribu kwa dhati. Nililihamisha jedwali la Biblia kutoka Imani kwenda Familia na kulirudisha, niliuweka mfarishi katika Kazi za Mikono nikaona aya zimebaki yatima, nikauweka katika Imani nikaona shati la baba halina mahali. Wimbo wa 14, yule aliyeutunga alikuwa akitunga sala, akiwaandikia wanakwaya aliowalea kama wanawe, kwa ustadi aliojifunza mwenyewe usiku, niukate wapi? Kugawanya huku kulikuwa kwetu, si kwake. Katika maandishi yake yote sijapata hata mahali pamoja anapozungumza kana kwamba kuna saa ya Mungu, saa ya watoto na saa ya sindano.

Kwa hiyo kitabu kitafuata viraka. Kitakuwa na sehemu 22, kila moja ikianza na picha ya kiraka kwa ukubwa wake halisi, na chini yake yale yanayohusiana nacho: tarehe za pambizoni, barua, picha, wimbo, maneno ya mama mdogo. Sehemu hizo hazitalingana kwa urefu. Ya 18 ina kurasa 19, kwa kuwa usiku ndio uliokuwa wake. Ya 16, inayohusu shamba, ina ukurasa mmoja, kwani mama hakuwahi kulima na sitamtungia shamba. Kaka ameisoma rasimu nzima na kusahihisha makosa yangu mengi ya tarehe. Katika sehemu ya 10 aliongeza sentensi mbili za kumbukumbu yake mwenyewe, za mtoto wa miaka minne aliyeambiwa atembee polepole ndani ya nyumba. Sikuzigusa.

Nakala ya majaribio imetoka kwa mchapaji. Nyekundu ya kiraka cha 21 ilikuwa imeelemea kwenye chungwa, nayo imerudishwa kusahihishwa tukiwa na kipande cha uzi wa rangi hiyo kama kipimo. Karatasi ni isiyo na asidi, na kurasa zimeshonwa kwa uzi badala ya gundi peke yake. Tusingeweza kufanya vinginevyo kwa kitabu chake.

Wiki ya 16

Mafaili yote yamekamilika. Zipo nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja kati ya hizo iko mbali, kwa mdogo wangu, ili moto au mafuriko ya nyumba moja yasimalize kila kitu. Kila mwaka, siku ya kuzaliwa kwake, mmoja wetu atafungua faili moja moja kuhakikisha linasomeka, na kwa mwaka wa kwanza ni zamu ya kaka.

Kwaya imeomba wimbo wa 14. Nimewanakilia sauti zote nne kutoka katika daftari, na juu nimeandika ufunguo kama alivyouandika yeye.

Kazi ya mwisho ilikuwa mfarishi. Hautakunjwa tena, kwa sababu kila mkunjo hukata nyuzi pole pole mahali pale pale. Utaviringishwa juu ya mrija mpana uliofunikwa kwa karatasi isiyo na asidi, upande uliodariziwa ukiwa nje, na kuwekwa gizani penye ubaridi na hewa kavu. Kabla ya hapo ilibidi tuamue kuhusu kiraka cha 31. Mjukuu mmoja mwenye mkono mzuri alijitolea kukimalizia, na kwa upendo wote tulimwambia hapana. Mama alikuwa amefika pale alipofika.

Lakini sindano isingeweza kubaki. Ni ya chuma, na tayari kulikuwa na kidoa cha kutu kikubwa kama punje ya mchanga mahali ilipopenya. Mama mdogo ndiye aliyeitoa, kwa kuwa yeye ndiye aliyemfundisha mama kushika sindano, mdogo akimfundisha mkubwa. Aliuvua uzi tunduni bila kuukata, akauacha uning'inie urefu wote uliobaki, kisha mahali pa sindano akapitisha mshono mmoja wa uzi mweupe wa pamba, ulegee, ili ijulikane ilikuwa wapi. Sindano imo katika bahasha yake, namba 611, na ndicho kitu cha mwisho katika orodha.